Makro ya chati imegoma: dalili, sababu na tiba zake katika Excel

Wengi wanaokwama na makro za chati, yaani amri zilizoandikwa kwa lugha ya VBA ili Excel ichore chati yenyewe, wamepita njia moja. Wamewasha kinasa makro, wakachora chati kwa mkono, wakazima kinasa. Makro ikafanya kazi siku ya kwanza, ikagoma mwezi uliofuata. Kinasa hakikukosea. Kiliandika ulichofanya wakati ule, kwenye karatasi iliyokuwa wazi na seli zilizokuwa zimechaguliwa, ndiyo maana msimbo wake umejaa `ActiveSheet`, `ActiveChart` na `Select`. Siku karatasi nyingine ikiwa wazi, Excel inabaki kukisia. Makosa mengi yaliyo hapa chini yanazaliwa na huko kukisia, na tiba yake karibu kila mara ni kuiambia Excel kwa jina: karatasi hii, seli hizi, chati hii.

Tutatumia mfano mmoja. Faili la duka lina karatasi iitwayo Mauzo: miezi ipo safu A, kiasi kipo safu B, vichwa vipo mstari wa 1. Msimbo huu unafanya kazi, na unaweza kuulinganisha na wako:

```
Option Explicit

Sub ChoraMauzo()
    Dim ws As Worksheet
    Dim co As ChartObject
    Dim s As Series
    Dim mwisho As Long

    Set ws = ThisWorkbook.Worksheets("Mauzo")
    mwisho = ws.Cells(ws.Rows.Count, "A").End(xlUp).Row

    Set co = ws.ChartObjects.Add( _
        Left:=ws.Range("E2").Left, Top:=ws.Range("E2").Top, _
        Width:=420, Height:=250)
    co.Name = "ChatiMauzo"

    With co.Chart
        Do While .SeriesCollection.Count > 0
            .SeriesCollection(1).Delete
        Loop
        Set s = .SeriesCollection.NewSeries
        s.Name = "Mauzo kwa mwezi"
        s.XValues = ws.Range("A2:A" & mwisho)
        s.Values = ws.Range("B2:B" & mwisho)
        .ChartType = xlColumnClustered
        .HasTitle = True
        .ChartTitle.Text = "Mauzo kwa mwezi"
    End With
End Sub
```

Vipimo vya upana na urefu ni pointi, 72 kwa inchi moja, kwa hiyo chati hii ina upana wa karibu sentimita 15.

Onyo la kwanza kabla ya kugusa chochote: nakili faili, fanyia kazi nakala. Makro ikishabadilisha karatasi, Ctrl+Z hairudishi ilichofanya.

## "Nabonyeza, hakitokei kitu"

Anza na mstari ulio juu ya karatasi. Ukiwa wa njano na una kitufe cha Enable Content, makro zimezuiwa kwa muda tu, zinasubiri ruhusa yako. Ukiwa mwekundu, faili limetoka kwenye intaneti au barua pepe na Windows imelitia alama. Tangu 2022 Microsoft inazuia makro za mafaili ya namna hiyo moja kwa moja. Kama unamjua aliyelituma na ulikuwa unalitarajia, funga faili, libonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, tia tiki kwenye Unblock, kisha OK.

Sababu ya pili kwa wingi ni aina ya faili. Faili la .xlsx halihifadhi makro. Excel huonya wakati wa kuhifadhi, lakini watu hubonyeza Yes bila kusoma, na kesho yake msimbo haupo. Hifadhi kama .xlsm au .xlsb. Msimbo uliokwisha kupotea hivyo hautarudi kwa kubadilisha jina la faili; utafute kwenye nakala ya zamani.

Kisha angalia unafungulia wapi. Excel ya simu na ile ya kwenye kivinjari haziendeshi VBA hata kidogo. Chati zilizokwisha kuchorwa utaziona, ila kitufe cha makro kitakuwa kama picha tu.

Simama hapa kama faili limetoka kwa mtu usiyemjua, au lina maneno yanayokusihi uwashe makro ili "uweze kulisoma". Hiyo ni njia ya miaka mingi ya kuingiza virusi. Na kama ni kompyuta ya ofisi ambayo mipangilio ya Trust Center, sehemu ya usalama ya Excel, imefungwa, usitafute mlango wa nyuma. Mwone mtu wa TEHAMA, ana sababu ya kuifunga.

## "Inasimama na kutoa namba ya kosa"

Hii ni afadhali kuliko chati inayodanganya, maana Excel inakuonyesha mahali. Bonyeza Debug, utazame mstari uliopakwa njano. Kisha endesha makro upya hatua kwa hatua kwa F8, na ukifika karibu na mstari ule fungua dirisha la Immediate kwa Ctrl+G. Andika `? mwisho` au `? ws.Name` uone vigeu, yale majina yanayobeba thamani ndani ya makro, vimebeba nini kweli. Dakika moja ya kazi hii inashinda saa nzima ya kubahatisha.

Kosa 9. Excel imekosa karatasi uliyoitaja. Mara nyingi jina lina nafasi mwishoni ambayo jicho halioni: "Mauzo " badala ya "Mauzo". Bonyeza jina la karatasi mara mbili, uliandike upya.

Kosa 91. Umetumia kitu kisichokuwepo. Aidha umesahau neno `Set`, aidha umeita `ActiveChart` wakati hakuna chati iliyochaguliwa. La pili ndilo linalowapata wanaotumia msimbo wa kinasa. Tiba ni kutumia `co.Chart` kama kwenye mfano na kuacha kabisa kutegemea chati iliyochaguliwa.

Kosa 438. Unakiagiza kitu jambo kisichoweza. Kwenye chati kuna tabaka mbili: `ChartObject` ni fremu inayokaa juu ya karatasi, `Chart` ni mchoro uliomo ndani. Ukubwa na mahali ni mambo ya fremu. Kichwa, mihimili na mifululizo ya data ni mambo ya mchoro. Ukiandika `ws.ChartObjects(1).HasTitle = True` utapata 438; andika `ws.ChartObjects(1).Chart.HasTitle = True`. Sababu nyingine ni toleo: `AddChart2` ilikuja na Excel 2013, kwa hiyo kwenye 2010 au 2007 `ActiveSheet.Shapes.AddChart2` itagoma. `ChartObjects.Add` inafanya kazi kwenye matoleo yote hayo, ndiyo maana nimeichagua.

Kosa 6. Umetangaza namba ya mstari kama `Integer`, ambayo mwisho wake ni 32,767, na karatasi ya Excel ina mistari 1,048,576. Tumia `Long`.

Kosa 1004. Hili ndilo gumu, kwa kuwa Excel hulitumia kwa mambo mengi. Yakague kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, kuna `Cells` isiyotajiwa karatasi? Mstari huu unaonekana sahihi:

```
ws.Range(Cells(2, 1), Cells(mwisho, 2))
```

Sahihi ni `Range` tu. `Cells` zote mbili hazikutajiwa karatasi, kwa hiyo zinachukua iliyo wazi. Ukiwa umesimama kwenye Mauzo, makro inakwenda vizuri. Ukisimama kwenye karatasi nyingine, inavunjika. Hii ndiyo siri ya malalamiko ya "jana ilikuwa inafanya kazi". Andika `ws.Range(ws.Cells(2, 1), ws.Cells(mwisho, 2))`.

Pili, je, umeandika kichwa kabla ya kukitengeneza? `HasTitle = True` lazima itangulie `ChartTitle.Text`. Kichwa cha mhimili nacho ni hivyo hivyo.

Tatu, je, unaita chati kwa jina la kinasa, kama "Chart 1"? Excel huipa kila chati mpya namba nyingine, kwa hiyo "Chart 1" ya siku ya kurekodi haipo leo. Ipe jina lako mwenyewe.

Nne, je, karatasi imelindwa? Kama ulinzi ni wako, ufungue mwanzoni mwa makro kwa `Unprotect` na uurudishe mwishoni. Chaguo la `UserInterfaceOnly:=True`, linalozuia watu bila kuzuia makro, nalo hufaa, ila halidumu faili likifungwa; inabidi liwekwe upya kila faili linapofunguliwa. Kama ulinzi ni wa mtu mwingine na neno la siri hunalo, simama. Mwombe mwenyewe.

Neno moja kuhusu `On Error Resume Next`, amri inayoiambia makro iruke kosa na kuendelea. Wapo wanaoiweka juu ya makro ili "kuondoa makosa". Haiondoi kosa lolote, inakuziba macho tu. Chati inatoka, takwimu zake si sahihi, na hakuna anayejua. Ifute kabla ya kuanza uchunguzi wowote.

## "Chati imetoka, lakini nguzo zote ziko chini kwenye sifuri"

Makro ni nzima. Tatizo liko kwenye data, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu kwetu tuna namna yetu ya kulileta: tunaandika bei kama 45,000/=. Jicho linaona fedha, Excel inaona maandishi, na maandishi kwenye chati huchorwa kama sifuri.

Kagua hivi: kwenye seli tupu andika `=ISNUMBER(B2)`, uburute hadi chini. Palipo na FALSE pana maandishi. Pia namba halisi husogea kulia mwa seli zenyewe na maandishi hukaa kushoto, isipokuwa mtu amezipanga kwa mkono.

Tiba ya kudumu ni kuandika namba tupu, 45000, na kuacha mapambo kwa muundo wa seli. Fungua Format Cells, nenda Custom, andika `#,##0"/="`. Seli itaonyesha 45,000/= na ndani itabaki namba. Kwa data iliyokwisha kuingizwa, kipande hiki kinasafisha. Kiweke ndani ya makro, baada ya `mwisho` kupatikana, na uongeze `Dim c As Range` na `Dim t As String` juu:

```
For Each c In ws.Range("B2:B" & mwisho)
    If VarType(c.Value) = vbString And Not c.HasFormula Then
        t = Replace(c.Value, "/=", "")
        t = Replace(t, ",", "")
        t = Trim(Replace(t, ChrW(160), ""))
        If IsNumeric(t) Then
            c.NumberFormat = "#,##0"
            c.Value = CDbl(t)
        End If
    End If
Next c
```

`ChrW(160)` ni nafasi ya aina ya pekee inayokuja na data iliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti. `Trim` peke yake haiiondoi. Muundo umewekwa kabla ya thamani kwa makusudi: seli iliyopangwa kuwa Text huigeuza hata namba mpya kuwa maandishi.

Onyo: usiendeshe kipande hiki kwenye kompyuta iliyowekwa mipangilio ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi Kongo na Burundi. Huko koma ndiyo alama ya desimali. 45,50 itageuka 4550 bila kelele yoyote, na hesabu zako zitakuwa zimeharibika.

Kama `ISNUMBER` inasema TRUE kila mahali, angalia mistari iliyofichwa au kuchujwa. Excel kwa kawaida haiichori, `.PlotVisibleOnly = False` inairudisha. Na kama seli zina fomula inayorudisha `""`, nayo ni maandishi. Badilisha irudishe `NA()`, na chati ya mstari haitaporomoka hadi sifuri mahali pale.

## "Kuna nguzo nisiyoijua"

Nguzo moja ndefu mno, nyingine zote zimekuwa vijiti? Umeuchora mstari wa Jumla. `End(xlUp)` husimama kwenye seli ya mwisho yenye kitu, na kama umeandika Jumla chini ya miezi, hapo ndipo inasimama. Unaweza kuandika `mwisho - 1`, lakini siku mtu akiifuta Jumla utapoteza mwezi wa mwisho. Mimi napendelea kugeuza data kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl+T, kulipa jina `tblMauzo`, kisha:

```
s.Values = ws.ListObjects("tblMauzo").ListColumns("Kiasi").DataBodyRange
```

`DataBodyRange` haihesabu vichwa wala mstari wa jumla wa jedwali, na hukua yenyewe ukiongeza mwezi.

Miaka imekuwa nguzo, 2021, 2022, 2023 zote zikiwa na urefu karibu sawa? Umetumia `SetSourceData`, inayoipa chati eneo zima la data kwa mkupuo, na Excel imeona safu ya kwanza ni namba, ikaidhania kuwa data ya kuchorwa. Ifute seli ya kona ya juu kushoto, ile yenye neno Mwaka, au tumia `XValues` kama kwenye mfano.

Mifululizo ya ziada kabisa hutokea kwa sababu `Charts.Add` na `AddChart2` huchukua data inayoizunguka seli uliyosimama. Kile kitanzi cha `Do While` kwenye mfano kipo kwa ajili hiyo. Usikiondoe.

Na kama kichwa cha safu kimejitokeza ndani ya chati, karatasi haina data. `mwisho` imekuwa 1, na B2:B1 Excel huisoma kama B1:B2. Ongeza `If mwisho < 2 Then Exit Sub`.

## "Kila nikiendesha, chati inaongezeka"

Zinalaliana mahali pale pale, kwa hiyo hujui mpaka uivute moja na kuona nyingine chini yake. Futa ile ya zamani kwa jina kabla ya kuchora mpya, ukihesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo ili usiiruke yoyote. Kigeu `i` kitangaze kama `Long`:

```
For i = ws.ChartObjects.Count To 1 Step -1
    If ws.ChartObjects(i).Name = "ChatiMauzo" Then ws.ChartObjects(i).Delete
Next i
```

Kuna msimbo mfupi zaidi, `ws.ChartObjects.Delete`, na watu wanaupenda. Unafuta chati zote za karatasi, pamoja na ile mwenzako aliyoipamba kwa mkono, na haitarudi.

## "Tarehe zimevurugika"

Makro ikiandika tarehe kama maandishi, mfano `c.Value = "03/04/2024"`, VBA huisoma kwa mpangilio wa Marekani: Machi 4, wakati wewe ulikusudia Aprili 3. Ubaya ni kwamba 25/04 haiwezi kuwa tarehe ya Marekani, kwa hiyo inasomwa sawa. Nusu ya data inakuwa sahihi na nusu imegeuka, na chati inapanda na kushuka bila maana. Tumia `DateSerial(2024, 4, 3)`: mwaka, mwezi, siku, hakuna utata.

Kama tarehe ni sahihi ila chati ina mapengo siku za Jumapili duka lilipofungwa, Excel imeweka mhimili wa kalenda. Andika `.Axes(xlCategory).CategoryType = xlCategoryScale`.

## "Picha niliyoihifadhi ni nyeupe tupu"

`Chart.Export` huhitaji chati iwe imechorwa kwanza kwenye skrini. Washa `Application.ScreenUpdating = True`, fungua karatasi kwa `ws.Activate`, kisha `co.Activate`, halafu ndipo `co.Chart.Export`. Hapa ndipo mahali pekee ninapokubali kuchagua chati kabla ya kuitumia. Hakikisha pia folda unayoitaja ipo, maana Excel haitaitengeneza.

## "Kwangu inafanya kazi, kwa mwenzangu haifanyi"

Ujumbe wa "Can't find project or library" una tiba fupi. Kwenye dirisha la VBA fungua Tools, kisha References, uondoe tiki kwenye mstari ulioandikwa MISSING.

Mwenzako akitumia LibreOffice, asitegemee makro hii. LibreOffice inaelewa sehemu tu ya VBA, na chati zake huundwa kwa njia yake, `addNewByName`, ambayo vipimo vyake ni sehemu za mia za milimita badala ya pointi. Google Sheets haisomi VBA kabisa. Ina lugha yake, Apps Script. Kote kuwili ni kuandika upya.

Na kama chati inaundwa kutoka Access au Word kwa `CreateObject`, majina kama `xlColumnClustered` hayajulikani huko. Bila `Option Explicit`, mstari unaolazimisha kila kigeu kitangazwe, hugeuka kimya kimya kuwa sifuri. Andika namba zenyewe: 51 kwa nguzo, 4 kwa mstari, 5 kwa duara.

## Wakati wa kuita mtaalamu

Mwite kama Excel inajifunga yenyewe kila unapoendesha makro hata kwenye faili jipya, kama msimbo umefungwa kwa neno la siri na aliyeuandika hayupo tena ofisini, au kama faili ndilo daftari pekee la fedha za wanachama wa kikoba au SACCOS na makro inabadilisha seli, si kuchora tu. Katika hali hii ya mwisho usijaribu hata tiba moja ya hapo juu kabla hujapata nakala mbili, moja nje ya kompyuta hiyo.

Mpelekee vitu hivi: toleo la Excel, lililo chini ya File kisha Account, namba ya kosa pamoja na maneno yake kamili, mstari uliopakwa njano, na nakala ya faili ambayo umebadilisha majina ya watu na kuacha muundo wa data kama ulivyo. Ile safu yenye 45,000/= usiisafishe kabla ya kumpa, anahitaji kuiona ilivyo.